Mtumbwi Wetu Mliupikia Chai

Mkuyu ukiungua polepole hutoa harufu ya maziwa yaliyochemka yakamwagikia majivuni. Si harufu mbaya. Mpita njia angeweza hata kuipenda, akadhani kuna mtu anawapikia watoto uji mahali fulani nyuma ya miti. Mimi nikiisikia hunikaza taya. Niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa msichana mdogo, katika miaka ya hamsini, kwenye pindi moja la mto Tana, pale unapojikunja juu ya Garsen, na tangu hapo siwezi kukaa karibu na moto wa watu nisiowajua bila kuchunguza unavyokokwa, unavyotunzwa, na hasa unavyoachwa. Wajukuu wangu husema nina kinyongo. Ni kweli ninacho. Wenzangu wengi wamezeeka wakapungukiwa na hasira kama walivyopungukiwa na meno. Mimi meno yamekwenda, hasira imebaki, na sioni kwa nini niionee haya.

Wakati ule tulihama kila kiangazi. Kijiji chetu, kijiji cha Wapokomo, kilikuwa mahali pa juu kidogo ambapo mafuriko hayakufika kwa urahisi, lakini maji yalipopungua na kingo za mto zikabaki na tope jeusi lenye rutuba, kila familia ilishuka kwenye pindi lake, ikajenga vibanda vya majani ya mikoma, ikalima, ikatega kambare kwa migono, ikalinda mazao dhidi ya nyani na ngiri. Tuliishi hivyo hadi mto wenyewe ulipotufukuza. Mtu wa siku hizi angesema tulikuwa tukipiga kambi, na sitambishia, ila sisi hatukwenda kule kujiburudisha. Kambi ilikuwa na adabu zake, nasi watoto tulifundishwa adabu hizo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Hukati mti mbichi ilhali mkavu umelala chini. Huoshi sufuria upande wa juu wa mahali watu wanapoteka maji ya kunywa. Ukikuta watu wamekutangulia, huendi kulala hadi uwasalimie na kuwauliza palipo salama, kwa sababu wao ndio wanaojua kiboko anapitia wapi na mamba analala wapi. Na siku ya kuondoka, moto ukishamwagiwa maji na kufunikwa tope, mkubwa wa kambi huinama akaweka kiganja chake juu ya majivu, akakiacha hapo watu wote wakimtazama. Kiganja kisipovumilia, maji yanaletwa tena. Niliwahi kumwona nyanya yangu akiuzuia msafara mzima, mizigo iko vichwani tayari na watoto wanalia, kwa ajili ya kaa moja lililokataa kufa.

Mwaka ninaousimulia, mtumbwi wetu wa zamani ulikuwa umetobolewa na kiboko, na baba alikuwa ameuzibaziba hadi ukakosa mahali pa kuzibwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo ya pili. Kivuko cha Garsen kilikuwa mbali nasi mwendo wa nusu siku, na hata ungefika huko na kuvuka, ungelazimika kurudi mwendo uleule upande wa pili kupitia msitu wenye nyati. Bila mtumbwi hakuna kupanda, hakuna kulinda, hakuna kuvuna. Kwa hiyo baba alikwenda kwa wazee wa ukoo wenye msitu, akaomba mkuyu, akapewa, na kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa shoka na tezo. Nilimbebea maji na kumwondolea vibanzi, nikauona mti ukiwa gogo, gogo likawa na tumbo, tumbo likaanza kuwa na mbavu nyembamba na ncha ya mbele iliyochongoka vizuri. Kisha akaulaza kivulini chini ya majani makavu, kwenye uwanja mdogo hatua chache kutoka mtoni, ukauke taratibu usije ukapasuka. Kilichobaki ni kuupunguza unene kwa ndani na kuuteremsha majini. Baba alikuwa mtu mpole, mpole hadi kuudhi, lakini siku ile alipoufunika aliimba njia nzima kurudi kibandani, tukamcheka.

Ndipo lori likaja. Ndani yake walikuwemo mzungu mmoja aliyekuwa akienda kuwinda tembo huko juu, mkewe aliyevaa suruali, na mpishi wao aliyekuwa pia dereva, Mgiriama mmoja kutoka upande wa Malindi, jina lake Ngowa. Yule mzungu hakuacha kupiga mluzi, akiwa anakula, akiwa ananyoa ndevu, akiwa anakojoa nyuma ya mti, kwa hiyo sisi watoto tulimwita Bwana Mluzi. Hawakuja kutusalimu. Waliuona ule uwanja mdogo wenye kivuli, wakaupenda, wakashusha mahema. Baba alipoona hivyo akaenda yeye kuwasalimu, nami nikamfuata nyuma, kwa hiyo yaliyosemwa niliyasikia kwa masikio yangu. Alimwambia Ngowa, "Karibuni. Lakini hilo mnaloliona chini ya majani si gogo, ni mtumbwi wangu. Moto uwe mbali nalo." Ngowa akajibu, "Hakuna wasiwasi, mzee wangu. Ntamwambia bwana." Na alikuwa na uso wa mtu ambaye ungemwamini.

Walikaa pale siku kadhaa. Mke wa Bwana Mluzi alinipa biskuti kutoka kwenye bati lenye picha ya malkia mpya, na kusema kweli ilikuwa tamu, jambo ambalo hadi leo linanikera. Asubuhi moja tukasikia lori likinguruma kupanda kwenda Bura. Baba alikuwa majini anatoa samaki mgononi. Hakutoka. Hakwenda kutazama walivyoacha mahali pale. Mama alimlaumu kwa hilo miaka mingi, naye kila mara alitoa jibu lile lile, kwa mshangao ule ule: "Mtu ataondokaje kambini bila kuweka kiganja majivuni?" Hakuwa mjinga. Alikuwa tu hajawahi kumwona mtu mzima asiyefanya hivyo, kama ambavyo hajawahi kumwona mtu anayetoka nyumbani bila nguo. Alidhani ni jambo la binadamu wote.

Tulianza kuisikia ile harufu jioni. Mama ndiye aliyesema, "Nani anachemsha maziwa?" na kabla hajamaliza kusema tayari alikuwa anakimbia. Moto wao walikuwa wameukoka ukiegemea mtumbwi, ili ubavu wake uwakinge upepo. Masalio ya majani ya chai yalikuwa bado pale, na makopo, na kaa lililoachwa wazi kama mlango wa mtu aliyetoka akasahau. Kwa nje ungedhani ni doa jeusi tu. Ndani moto ulikuwa umeshaingia kwenye mbao, umetambaa chini kwa chini toka kisogoni hadi karibu na ncha, na tulipomwaga maji ubavu mzima uliporomoka kwa sauti ndogo, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Baba alisimama na ndoo tupu mkononi. Hakutukana. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya ubavu uliobaki, akakiacha hapo muda mrefu kuliko kinavyoweza kuvumilia. Mimi nikalia kwa niaba yake, na ndani ya kilio kile nikaapa.

Msimu ule tulikula kile ambacho msitu hautaki. Mpunga wa ng'ambo tulikuwa tumeshaupanda kwa mtumbwi wa kuazima, na kutoka upande wetu tuliuona ukichipuka, ukarefuka, ukageuka rangi. Tuliwaona pia nyani wakishuka. Baba alisimama ukingoni akipiga debe na kupayuka, nao walikaa matakoni wakatutazama, kisha wakaendelea kula. Akaenda tena kumwomba binamu yake mtumbwi, na binamu akampa siku ambazo yeye mwenyewe hakuhitaji, na siku nyingine akampa maneno. Ngiri walimaliza kilichobaki. Tukala makoma, matunda magumu ya mikoma, hadi ufizi ukavuja damu, tukala mizizi ya mayungiyungi iliyochemshwa, na mdogo wangu akaacha kucheza akawa anakaa tu. Usiku nililala nikipanga adhabu za Bwana Mluzi. Nilimpa mamba, nilimpa nyuki, nilimpa siafu. Mama hakusema neno, alisuka ukili wake na kutazama mto, na mimi, niliyemjua, nilitambua kwamba ukimya ule si wa mtu aliyesamehe.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, mbingu bado ni nyeupe na ardhi imepasuka, lori likarudi. Lazima nieleze jambo moja kuhusu Tana. Mto huu haujazwi na mvua ya kwetu. Mvua hunyesha huko bara, milimani, sisi tukiwa bado tunakohoa vumbi, na maji huteremka siku nyingi hadi kutufikia chini ya jua kali. Ishara ya kwanza ni povu. Hupita katikati ya mto, jepesi, la rangi ya kahawia, na vijiti vidogo juu yake. Asubuhi ya siku ile mimi ndiye niliyeliona nikiteka maji, nikamkimbilia mama, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumevunja vibanda vyetu na kuvijenga upya juu ya ukingo. Baba alikwenda kutoa migono yake yote kwenye pindi la pili, arudi usiku. Kwa hiyo lori liliposimama, mwenyeji aliyekuwepo alikuwa mama.

Safari hii waliuliza. Labda walikuwa wamechoka, labda huko walikotoka mbu waliwafunza adabu. Ngowa alikuja na kofia mkononi. "Mama, bwana auliza wapi palala vizuri. Ataka penye upepo, pasipo mbu wala kupe." Mama akaacha ukili wake. Mbele yetu, katikati ya mto, kulikuwa na fungu refu la mchanga, jeupe, safi, na kati yake na ukingo wetu maji yalinifika mimi magotini tu. Akanyoosha mkono. "Pale," akasema. "Upepo upo, mbu hakuna. Mimi mwenyewe nimelala pale na watoto wangu." Yote yalikuwa kweli. Tulilala pale mara nyingi, katikati ya kiangazi. Nilifungua mdomo, sijui kwa kusema nini, na mama akasema bila kugeuka, "Dhadho, kamwangalie mdogo wako." Wakavusha mahema, masanduku, bunduki na vitanda vyao vya turubai, Bwana Mluzi akipiga mluzi na suruali ameikunja. Vipande vya povu vilipita kando ya miguu yake. Vibanda vyetu vipya vilikuwa juu ya ukingo, mbele ya macho yao, majani yake bado mabichi. Hawakuuliza kwa nini tumehama, na mama hakuona sababu ya kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Palipopambazuka kelele zikatuamsha. Maji ya magotini yalikuwa yamegeuka kuwa mto kamili, mwekundu, unaokimbia na magogo mgongoni. Hema moja lilikuwa limeshaondoka. La pili lilikuwa linainamia maji kama linataka kunywa. Watu wote watatu walikuwa wamesogea kwenye kichwa cha fungu, mahali palipobaki, mke wa Bwana Mluzi ameketi juu ya sanduku na miguu ameipandisha, naye Ngowa akipunga kitambaa cha meza na kuita, "Mtumbwi! Leteni mtumbwi!" Baba akatoka kibandani, akatazama, akamgeukia mama.

"Mama Dhadho, nani aliwaambia walale pale?"

"Walitaka penye upepo."

"Na povu? Uliwaambia?"

"Lilipita mbele yao. Wana macho."

Baba alimtazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama mtu, kisha akashika njia ya chini, mbio, kwenda kumwomba binamu yake mtumbwi. Mama akaketi ukingoni na ukili wake. Miaka mingi baadaye nilimuuliza angefanyaje kama wangekufa, akaniambia maji ya kwanza hayakuwa yamewahi kukizamisha kichwa cha fungu lile. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini hayo yalikuwa mazoea tu." Basi hapo ndipo nilipojua kwamba yeye pia alikuwa ameapa.

Nami sikukaa. Nilishuka hadi ukingo wa maji, karibu nilivyothubutu, nikasimama wanione. Ngowa akaniita, "Mtoto! Mtumbwi wenu uko wapi?" Nilikuwa nimelisubiri swali hilo msimu mzima bila kujua kwamba litakuja lenyewe, limevaa vizuri namna hiyo. Nikapayuka kwa nguvu zote za tumbo langu lenye njaa: "Mtumbwi wetu mliupikia chai!" Bwana Mluzi akamuuliza Ngowa nimesema nini. Nikarudia, nikamwelekezea kidole yeye mwenyewe, nikaonyesha moto kwa vidole, nikaonyesha mtumbwi kwa viganja. Ngowa alinitazama. Alikuwa ameelewa, hilo naapa, kwa sababu uso wake ulishuka. Kisha akamgeukia bwana wake, akaonyesha upande wa chini wa mto alikokwenda baba, akasema maneno machache. Bwana Mluzi akafurahi. Akavua kofia yake akanipungia.

Sijui kama nimewahi kupigwa vibaya kuliko nilivyopigwa na kofia ile. Nilitaka aogope, na aogope akijua sababu. Nilitaka asimame pale juu ya mchanga unaoliwa na maji na akumbuke gogo aliloegemeza moto wake. Maji yalikuwa yananitendea kazi yote, bunduki zimekwenda, kitanda kinaelea, mkewe analia, na yeye alinipungia kofia kama mtoto aliyemletea habari njema. Baba alifika jua limeshapanda, mto uko viunoni mwao. Akawavusha mmoja mmoja, mke kwanza, jasho linamtiririka, mbavu zake zinahesabika kwa njaa waliyomletea wenyewe. Wakati Ngowa anakamua nguo zake nilimfuata nyuma ya lori nikamuuliza alimwambia nini bwana. Hakunidanganya. "Nimemwambia wasema mtumbwi waja," akasema. "Ungetaka nimwambie nini, mwanangu? Alikuwa afa." Sijui hata leo kama mwanzoni aliwahi kumwambia kwamba gogo lile lilikuwa mtumbwi. Nahisi hakumwambia. Nahisi Bwana Mluzi aliingia pindi letu na kutoka bila kusikia hata neno moja tulilomwambia.

Bwana Mluzi alimkumbatia baba, akampa lile bati la biskuti lenye picha ya malkia, kwa kuwa hakikuwa kimebaki kitu kingine cha kutoa. Baba alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mama alisubiri lori likunje kona, mluzi umeshaanza tena ndani yake, akalichukua na kuliweka chini ya mkoma liwe chombo cha kunyweshea kuku. Baba alichonga mtumbwi mwingine mwaka uliofuata, mdogo, wa watu wawili wasiopumua sana, kwa kuwa mkuyu mwingine wa unene ule haukupatikana upande wetu.

Sasa kuna daraja Garsen, na vijana wanavuka kwa pikipiki bila hata kutazama chini. Mto wenyewe umefungwafungwa kwa mabwawa huko juu, haujui tena kuja kwa hasira kama zamani. Kwenye pindi letu kuna kambi ya wageni yenye mahema ya kijani, na mjukuu wangu Habona anafanya kazi pale ya kuwatembeza. Nitasema haki: wageni hawa si kama wale. Huuliza kabla ya kushusha mzigo, hubeba takataka zao kwenye magunia, hawakati hata kijiti. Sina ugomvi nao. Lakini hasira niliyo nayo haikupata kumfikia mwenyewe, na mwenyewe bila shaka ameshakufa, pengine kitandani, akiwa amewasimulia wajukuu wake mara nyingi jinsi alivyookolewa mafurikoni Afrika na watu wema.

Majuzi Habona aliniomba niende nikawasimulie wageni habari za kambi za zamani. Nilikaa kwenye kiti cha turubai mbele yao, nao wakiwa na vikombe vya chai, nikawasimulia haya yote kwa Kiswahili, naye akitafsiri. Niliposema lile neno la mtumbwi na chai, walitabasamu. Nilipomaliza wakapiga makofi, na mzee mmoja akaweka mkono kifuani kunishukuru. Hapo hapo nikajua. Nikamuuliza, "Habona, umewaambia nini?"

Akainama sikioni mwangu. "Nimewaambia baba yako aliwaokoa wageni mtoni, Nyanya. Hawa ni wageni, wamelipa, wasije wakajisikia vibaya."

"Wajisikie," nikamwambia. "Rudi mwanzo. Anza na mtumbwi, anza na moto, uwaambie ni nani alikula makoma. Na niliyoyapayuka pale ukingoni uyaseme kama nilivyoyapayuka. Mimi siondoki."

Akaanza upya. Sijui lugha yao, lakini nyuso nazijua. Niliziangalia zikizimika, moja baada ya nyingine. Yule mzee alipofikiwa na lile neno alitazama kikombe chake, akakiweka chini kikiwa bado kimejaa. Nikaegemea kiti, nikamwambia Habona aniletee changu, na asisahau sukari.